Kitani Kwenye Kola ya Mzee Naftali

Alhamisi, 4 Juni 1998

Shemeji Mikaeli, mume wa dada, kapiga simu tena kutoka Songea. Duka lake la misumari linahitaji mtu, na mtu huyo ni mimi. Mwisho wa mwezi anataka kuniona nyuma ya kaunta. Misumari! Mimi, Batholomeo, niliyefika Guangzhou kwa ndege! Nikamwambia simu inakwaruza, nikakata.

Lakini leo nimeiona njia. Hapa jengoni kwetu Sanyuanli amepanga Mzee Naftali, Myahudi wa Nairobi, mwenye duka la suti huko huko. Kiswahili chake kinapita cha shemeji. Anatafuta wakala wa kukaa huku mwaka mzima, amnunulie mzigo na kuupakia. Ataamua kabla hajaondoka wiki ijayo. Nikiipata kazi hiyo, kwaheri misumari.

Tatizo ni Kazija. Mama wa Kizanzibari, chumba kinachotazamana na changu. Mabosi wote wa maduka ya nguo ya Barabara ya Zhanqian wanamwogopa. Naye anaitaka kazi. Nikaona nimtangulie. Nikamwambia Mzee kwamba sheria za Kiyahudi nazijua zote, maana nilipita seminari ndogo na kitabu cha Mambo ya Walawi nimekisoma. (Nimekifungua.) Akaniuliza najua nini kuhusu sufu na kitani. Nikajibu kwamba vyote ni vitambaa vizuri sana.

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kazija, aliyekuwa amekaa pembeni, akamwuliza kwa adabu vina nini. Mzee akaeleza: Torati inamkataza Myahudi kuvaa vazi lenye sufu na kitani kwa pamoja. Sufu peke yake, sawa. Kitani peke yake, sawa. Sababu haikutolewa. Ni amri, na amri ya mfalme haidaiwi maelezo. Kazija akawa anaitikia kwa kichwa utadhani yuko darasani. Simpendi.

Ijumaa, 5 Juni

Sabato yao inaingia leo jua likizama. Nikajua Mzee atataka mlo wa maana. Nyama ni matatizo, nikanunua kamba. Wakubwa, wazima, wanarukaruka ndooni. Kazija akanikuta ngazini, akasema cha majini kwa Wayahudi lazima kiwe na mapezi na magamba. Nikamwambia aache wivu.

Mzee akawatazama kamba, akanishukuru, akaomba niwale mimi. Nikawala. Watamu.

Ili kufuta aibu nikaingia jikoni kwake kumchemshia maziwa ya chai. Ana sufuria mbili ndogo alizotoka nazo Nairobi. Nikachagua ile iliyong'aa. Kumbe moja ni ya nyama, moja ya maziwa, na hazibadilishani kazi hata siku moja! Nami nimemwaga maziwa kwenye ya nyama. Mzee akashusha pumzi. Akasema si neno, mzigo wa kurudi nao ulikuwa mzito mno hata hivyo. Mtu huyu ana upole unaokera.

Jumamosi, 6 Juni

Siku ya aibu kuu.

Nilikwenda kumtembelea Mzee asubuhi, nimevaa tai. Leo hafanyi kazi, haandiki, hagusi swichi. Mwenye nyumba alikuwa amepita kukagua bomba, na kwa ubahili wake akakizima kiyoyozi. Joto la Juni la mji huu halina utani. Nikaona nimwonyeshe Mzee kwamba nina fikra nzito. Nikamwuliza kama kwao kuna jehanamu. Akasema wazee wao wamelibishania jambo hilo tangu zamani, ila anachojua yeye ni kwamba humu ndani kuna joto sana.

Nikadhani hilo ndilo jibu. Nikalitafakari. Nikasema ni kweli, Mzee, jehanamu iko humu humu duniani. Akasema tena kwamba kuna joto. Nikamwambia maneno hayo ni mazito, ningependa padre wetu ayasikie. Tukatoka jasho mpaka tai yangu ikabadilika rangi.

Kazija akaingia na ndizi. Mzee akasema kuna joto. Kazija akabonyeza swichi, akakaa.

Sabato ilipokwisha Mzee akatufafanulia. Siku hiyo haruhusiwi kumtuma mtu asiye Myahudi amfanyie kazi. Lakini hali ilivyo anaweza kuitaja, na mwenye kuelewa akaelewa. Kazija akasema hilo hata mtoto wa chekechea angelielewa. Nimejipiga kofi la paji la uso. Kumbe ndivyo wanavyoomba! Sasa siri ninayo. Hasemi neno Mzee yule nisilolifanyia kazi.

Jumapili, 7 Juni

Nimekuwa mtu mpya! Masikio wazi tangu asubuhi.

Mzee alisema chungwa hili chachu. Nikakimbia sokoni, nikamletea gunia zima la mengine. Alisema pazia la sebuleni linafanana na sanda. Nikalishusha na fimbo yake. (Jirani wa ng'ambo sasa anatuona tukinywa chai. Ametupungia mkono.) Alisema Kazija ana sauti ya kufikia uwanja wa ndege. Nikaenda kumgongea Kazija kwamba Mzee anamtaka uwanja wa ndege, aende upesi. Akaenda! Amekaa huko uwanjani Baiyun nusu siku. Aliporudi alisimama mlangoni kwangu, akaniuliza, "Weye kaka, mzima weye?" Nikamjibu kwamba mimi natii tu.

Jioni tukapita Zhanqian. Mzee akasimama mbele ya duka la bosi mmoja mnene, lililojaa suti za kijivu mpaka darini. Akazitazama kwa muda. Akasema atakayezibeba hizi zote atakuwa mwanamume kweli.

Nikamkonyeza. Akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Hodari wa kujificha, Mzee wangu!

Jumatatu, 8 Juni

Nimezibeba zote.

Fedha sikuwa nazo, kwa hiyo nimemwachia bosi televisheni yangu, kamera, na viatu vyote nilivyokuwa nimekusanya kupeleka nyumbani. Lebo zinasema sufu tupu, nimezisoma moja moja, maana mimi si mjinga. Marobota yamejaa chumbani kwangu, sina pa kulala. Nimelala juu yake. Raha! Nimeota nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka na shemeji Mikaeli ananiletea kahawa.

Jumanne, 9 Juni

Afadhali ningezaliwa bubu.

Nilimleta Mzee chumbani, nikafungua robota la kwanza kwa mbwembwe. Kazija akafuata nyuma kwa umbea. Nikamwambia Mzee kwamba nimeelewa alichokitaka bila yeye kukitaja. Mzee alichukua wembe, akapasua kola ya suti moja, akavuta kile kitambaa kigumu kinachoshikilia kola isilale. Akakifikicha, akazichambua nyuzi, akazitazama dirishani. Kitani. Akapasua ya pili. Kitani. Sufu nje, kitani ndani, zote!

Nikajitetea kwamba Torati inamkataza Myahudi kuvaa, haimkatazi kuwauzia watu wengine, na Nairobi imejaa watu wengine. Akakubali ni kweli. Lakini wateja wake wengi ni wale anaosali nao, wanamwamini hata kola hawazipasui, naye hataki kitu cha namna hiyo dukani. Kisha akanishika bega. "Kijana," akasema, "ile ilikuwa Jumapili. Siku ya Jumapili nikitaka suti, nasema nataka suti."

Nilirudi kwa bosi na robota kichwani. Mei you, akasema, yaani hakuna, na mlango akaufunga. Nilisikia televisheni yangu ndani, wanaangalia sinema.

Nikaingia chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Siogopi kuandika. Nililia kwa ajili ya televisheni, kisha kwa ajili ya misumari, kisha kwa kuwa Mzee hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu.

Jumatano, 10 Juni

Kazija kamaliza kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Aliwaita Wakongo wa ghorofa ya juu. Wamezivaa suti hapo hapo, wakatembea nazo korido nzima, wakageuka, wakatembea tena. Kola zilizopasuliwa wameziona ni mtindo mpya. Wamenunua zote. Kisha Kazija akaenda kwa bosi na fedha zao, na sauti yake ikasikika mtaa mzima. Vitu vyangu vimerudi vyote, pamoja na miavuli ambayo haikuwa yangu.

Wakala ni yeye. Mzee ametangaza. Nilimpa mkono nikisaga meno.

Alhamisi, 11 Juni

Mzee kaondoka. Aliniambia maisha yake yote hajapata mtu aliyehangaika kumtii kama mimi. Nimelifurahia neno hilo.

Kisha Kazija akaniita. Juu ya meza palikuwa na tiketi ya ndege yenye jina langu; kumbe wamezungumza kwa simu, na shemeji Mikaeli kailipia. Kazija akaisukuma upande wangu. Akanitazama usoni, akasema polepole, "Songea mwezi huu baridi kwelikweli, kaka Batholomeo." Akarudia, "Baridi. Na dada yako anakungoja."

Nikapigwa na mwanga! Huyu sasa ni wakala wa Myahudi, amekwisha kuingia katika desturi zao. Hawezi kutamka waziwazi. Anaitaja hali, mwenye kuelewa aelewe! Songea baridi. Dada anangoja. Anangoja nini? Sweta!

Nikamkonyeza. Akafumba macho, nadhani kwa furaha.

Nimetoka mbio hadi Zhanqian. Bosi yule yule mnene anazo sweta, marobota na marobota, za sufu. Nimemwachia tiketi iwe dhamana. Akaipokea kwa mikono miwili.

Safari hii sikukubali kudanganywa na lebo. Nimekaa chumbani tangu mchana na wembe, nimezipasua shingo zote, moja baada ya nyingine. Hakuna hata uzi mmoja wa kitani! Safi kabisa. Zimeanza kufumuka kidogo, nyingine zimefika kwenye kwapa, lakini hilo ni kazi ya fundi.