Jeni za Ukoka Kwenye Friza ya Mwanamvua

Jumatatu, 7 Julai 2025
Evodius amenidhalilisha tena! Ni muuza miche mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu hapa Mbwawa, Kibaha. Alikuja bosi mmoja anayetaka ukoka wa kupanda mbele ya nyumba yake mpya, kwao Makete. Kabla sijafungua kinywa, Evodius akamwambia ukoka wa Pwani ukifika Makete unakufa asubuhi ya kwanza, kule umande unaganda juu ya majani. Nani kamuuliza? Nikasema wangu haufi. Bosi akaahidi kupita Jumapili auone. Sasa nina kazi ya kuutafuta huo usiokufa.

Jumanne, 8 Julai
Nimempigia mpwa wangu Naila, anasomea kilimo. Kasema majani mengine yamerithi jeni za baridi. Baridi ikija kidogo kidogo, jeni zinaamka, mmea unajiwekea sukari, maji yaliyomo ndani hayagandi ovyo. Akaanza kusema "lakini, mjomba", nikakata simu. Vocha siokoti.
Baridi ninayo. Iko kwenye friza ya mke wangu Mwanamvua, anamogandishia barafu za ubuyu za kuwauzia watoto wa shule.

Jumatano, 9 Julai
Nimehamishia barafu kwenye ndoo, nikajaza ukoka. Baridi nimeweka ya mwisho kabisa. Kidogo kidogo ni kwa wasio na wateja. Nikainama nikaziambia jeni ziamke, bosi anakuja Jumapili. Kugeuka, jirani yetu Shamsia kasimama mlangoni, kaja kununua barafu. Akaondoka bila barafu, bila kuaga.

Alhamisi, 10 Julai
Mtaa mzima unajua nafuga jini kwenye friza. Jini! Nimepita nyumba kwa nyumba kueleza kuwa ni jeni. Wameniitikia kwa heshima sana, kisha wakawavuta watoto wao ndani.
Mwanamvua akauliza barafu zake ziko wapi. Nikamwonyesha ndoo ya juisi. Nilidhani atashukuru. Akasema nimemuulia biashara, hakuna mtoto atakayenunua tena hapa. Akamwaga ukoka wangu uani, akapakia friza kwenye kirikuu, akaenda kwa mama yake, kijijini Marui.
Nyumba kimya. Inaniuma. Hata chumvi sijui anaweka wapi.

Jumapili, 13 Julai
Ukoka umeyeyuka, umekuwa mlenda. Nikamwambia bosi umelala tu, jeni ziko kazini. Akaunusa, akavuka barabara. Kumbe Evodius ameshaagiza mbegu za majani yaliyozoea baridi ya huko huko nyanda za juu. Anajiita mjuzi. Kuagiza kitu kinachofaa, nani asiyeweza?

Jumanne, 15 Julai
Nimefika Marui. Nimempigia Mwanamvua magoti mbele ya mama yake, nikaapa sitatia tena jani kwenye friza yake. Nimelia kwelikweli. Mama mkwe akasema ameona mtu aliyebadilika, kesho turudi wote Kibaha. Mwanamvua akanipakulia wali. Alhamdulillahi, nimerudishiwa mke!
Kiapo nitakitunza. Friza ya Mwanamvua siigusi. Friji ya mama mkwe sikuiapia, wenyewe wamekwenda shamba, na chini ya khanga za zawadi nilibeba ukoka kidogo. Tena safari hii namsikiliza Naila, kidogo kidogo. Naingiza jani moja moja.