Dakika Zangu Kumi na Saa ya Ukumbini

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Saa nne, kahawa. Kaki ya shira, ile biskuti bapa, juu ya kikombe ilainike kwa mvuke, kama kila siku. Mbele yangu tasnifu ya Fenna Wiersum, atakayeitetea wiki ijayo apate shahada yake ya uzamivu. Nimo kwenye jopo. Niliipitisha tangu Agosti bila kuisoma, kwa nia njema. Leo nimefungua orodha ya marejeo, maana hapo ndipo unapojua mtu ana adabu au hana. Shira ikadondokea karatasi. Simu ikalia: mke wangu, ananikumbusha pipa la taka. Nikafunga kitabu.

Mchana nimefungua tena. Simo! Baada ya Groen anakuja Kuipers. Mimi, Wiebe Hoekzema! Miaka thelathini na moja nimesimama mitaroni na mabuti, nikagundua kwamba konokono hupanda ukingo siku nzima kabla maji hayajajaa. Huyu binti ameandika kurasa mia mbili kuhusu konokono wa mitaroni, na mimi hanijui! Huu ni mkono wa Terpstra, msimamizi wake, anayeupinga ugunduzi wangu tangu zamani. Terpstra ni profesa. Mimi si profesa. Hilo tuliache.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nitamuumbua mbele ya ukumbi mzima, wazazi wake na mashada yao ya maua wakiwepo. Swali nimeshaliandika. Kila muulizaji ana dakika kumi; kulisoma ni tisa. Inabaki moja ya kuniomba radhi. Inatosha.

Tatizo ni utaratibu. Maswali yanaanza saa nane na robo. Saa tisa kamili Bi Tjitske, mshika fimbo wa chuo, anaingia na joho lake, anagonga sakafu, anatamka maneno mawili ya Kilatini, basi. Kama una neno mdomoni, unalimeza. Na tunauliza kwa kufuata vyeo: kwanza mgeni, halafu maprofesa wenye majoho, mwisho kabisa mimi na suti yangu. Mgeni ni Mbelgiji. Nimempigia tubadilishane nafasi. Amecheka mpaka akapaliwa, akasema hasafiri saa tatu kwa treni ili aje kuwa mkia. Mkia!

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimempelekea Bi Tjitske jibini. Si kipande, jibini zima la mviringo! Nikamwomba kwa upole kwamba siku hiyo ajikawize kidogo mlangoni. Jibini akalipokea, akalinusa, akalifungia kabatini. Halafu akaniambia, "Dokta, mkuu wa chuo mwenyewe nilimkata katikati ya sentensi. Sasa wewe ni nani?" Jibini hajalirudisha.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Nimepata! Mlango wa ukumbi una kioo, na ukutani mle ndani kuna saa kubwa. Bi Tjitske akingoja nje lazima anaitazama hiyo. Adhuhuri, ukumbi mtupu, nikapanda kiti nikairudisha nyuma dakika kumi. Mfanya usafi akaingia na ndoo yake, akauliza nafanya nini huko juu. Nikasema nafuta vumbi. Akasema vizuri sana, nikimaliza madirisha nayo yananisubiri. Nimefuta mawili. Mtu wa elimu yangu!

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Fedheha. Bi Tjitske ana saa ya mkononi! Aliyekuwa akiitazama ya ukutani ni mwenyekiti wa jopo. Kila muulizaji alipomaliza, mwenyekiti alitupia jicho ukutani, akatabasamu, akasema jamani muda upo, tusiharakishane. Mbelgiji akaongezewa maswali mawili. Mawili! Zamu yangu ikafika. Ukutani, saa tisa kasoro dakika kumi. Nikasimama, nikasema "Mtahiniwa mheshimiwa", nikafunua karatasi yangu. Mlango ukafunguka. Fimbo. Kilatini. Nikameza.

Kwenye tafrija Terpstra akanipiga begani: "Wiebe bwana, leo hata konokono wamekupita!" Watu wakacheka na glasi zao. Nikamwendea Fenna moja kwa moja, nikamuuliza nimemkosea nini hata anifute duniani. Akasema, "Lakini Dokta, sura ya tano yote ni nadharia yako! Wiki nzima nilikuwa najiandaa kwa swali lako. Nilitaka niseme mbele ya watu wote kwamba wewe ndiye uliyepatia, na Profesa Terpstra ndiye aliyekosea."

Nikamwekea nakala yangu mbele ya macho. Aonyeshe! Akaigeuzageuza, akapenyeza ukucha, kurasa mbili zilizogandana zikaachana kwa mlio. Hoekzema, Hoekzema, Hoekzema. Mara kumi na moja. Akanusa kidole chake, akauliza kama hii ni shira.

Nikamjibu kwamba chuo siku hizi kinanunua karatasi mbovu. Lakini roho imeniuma, sitaficha. Maneno niliyoyangoja miaka thelathini na moja yalikuwa tayari mdomoni mwake, Terpstra ameketi safu ya mbele, na hayakutoka.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Nimetafakari siku tatu. Kosa nimeliona: saa ilitakiwa kusogezwa mbele, si nyuma. Mwenyekiti angewakimbiza wote, mimi nikabaki na muda tele. Machi nimo kwenye jopo jingine. Sitarudia kosa.

Tasnifu yenyewe imefika leo asubuhi. Nimeshaipitisha. Saa nne, kahawa, kaki juu ya kikombe, nikafungua marejeo. Simu ikalia, pipa la taka tena. Nikafunga kitabu.

Mchana nimefungua tena. Baada ya Haan anakuja Jansma.

Simo!