Matete ya Asheri Yasiyo na Mwanzo

Kitongoji cha Kwemkole,
Muheza.
11 Oktoba 1993

Kwa Bwana Edgar,
Mratibu, Mfuko wa Kunusuru Mabwawa na Maziwa,
Tanga Mjini.

Bwana Edgar,

Marahaba. Naiitikia hapa ile shikamoo uliyoisahau ndani ya gari siku ulipotutembelea mwezi wa nane. Siku ile sikujali, maana barabara yetu ina mashimo na kitu chochote chaweza kudondoka njiani. Sijui pia kama nikuite Ndugu au Bwana. Zamani kila ofisi ilikuwa na Ndugu, na dukani hapakuwa na sabuni. Siku hizi sabuni zimejaa madukani na akina Ndugu wameadimika. Nimeandika Bwana ili nisikukose.

Mimi ni Praxeda, mjane wa Asheri, yule mama aliyekuletea kiti ukasema utazungumza hapo hapo garini. Naandika kwa niaba yangu na ya majirani, kulalamikia kukataliwa kwa ombi letu la fedha za kutunza matete ya kando ya bwawa. Nimesoma darasa la nne tu, kwa masista, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Pale nitakapokosea kufikiri, naomba unisahihishe.

Nikukumbushe kwanza mahali penyewe, kwa kuwa ulipaona kupitia kioo. Bwawa letu liko bondeni. Ng'ambo ni kwa Bwana Fanueli, aliyekodi kipande cha shamba la mkonge lililokufa akalima kabichi na nyanya za kupeleka mjini. Upande huu ni sisi, na nyumba zetu, na michungwa yetu. Bwana Fanueli huzimwagia kabichi zake mbolea ya chumvichumvi kama mtu anayekoleza mchuzi wa wakwe, na mvua ikinyesha yote huteremka majini. Ulituambia kwamba kinachodhuru maji ndani ya mbolea hiyo jina lake ni naitrojeni. Tulishukuru kulijua jina, maana matendo yake tulikuwa tunayajua. Kwake maji yamevaa utando wa kijani, mzito, hata bata wetu mmoja aliutembelea akidhani ni nchi kavu. Huku kwetu ukisimama majini unaviona vidole vyako.

Huku kuna matete. Aliyapanda Asheri, mwaka ambao gunia lilikuwa adimu kuliko harusi, na machungwa yakituozea chini ya miti kwa kukosa cha kuyapakia. Hakuwa na nia ya kuokoa bwawa, nisimsingizie marehemu. Alitaka matete ya kusukia matenga. Balozi wetu, Mzee Noa, akapiga baragumu la msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu mmoja na jembe lake, kama ilivyo desturi yetu, na asiyetokea akatozwa kuku. Matenga tukapata. Kwamba matete yale yalikuwa pia yanakunywa uchafu kabla haujafika majini, hilo tumelisikia kwako, kupitia kioo.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yetu ni haya.

1. Ombi letu lilikataliwa kwa sababu mbolea haiingii majini upande wetu. La Bwana Fanueli lilikubaliwa kwa sababu upande wake inaingia kweli kweli. Nimelifikiria sana na nimeona lina mantiki: mzima hapewi dawa. Kosa letu ni uzima. Basi nilifunga safari mpaka Muheza kwa Mzee Gulamabbas, anayeuza mbolea tangu biashara iliporuhusiwa, nikamwomba anikopeshe magunia mawili ya yurea. Akaniuliza, "Mama Praxeda, marehemu mzee wako hajanunua kwangu hata kopo, leo wewe wataka magunia? Umelima nini, mama?" Nikamjibu sikulima kitu, nataka kulichafua bwawa kidogo ili Serikali inisaidie kuacha. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, "Basi ungoje, Fanueli amemaliza yote." Unaona, Bwana Edgar, hata uchafuzi una wenyewe.

2. Nilipokuambia tunaomba msaada wa kupalilia matete yaliyopo na kuziba pale ng'ombe walipopenya, ulinijibu kwa upole kwamba mfuko haufadhili matete yaliyokwisha kuota. Maneno yako yalikuwa, "Mama, mradi lazima uwe na mwanzo." Nimeyatafakari maneno hayo nikichambua maharage, nikipika, na hata kanisani wakati wa matangazo. Matete yetu yana katikati tu. Kila mvua yananyonya, kila kiangazi yanakauka nusu na kuchipua tena, lakini mwanzo wake mliukosa, kwa kuwa siku ile mlikuwa hamjaundwa.

3. Hili ndilo linaloninyima raha, nalo ndilo hasa la barua hii. Katika mradi wake, Bwana Fanueli ameahidi kupanda matete mapya upande wake. Mapya hayo atayatoa wapi? Kwetu. Trekta litakuja Jumamosi hii, tarehe 16, liyang'oe matete ya Asheri na mizizi yake, liyavushe ng'ambo, na huko yawe mapya. Nilipouliza sisi tutabaki na nini, ulinifariji kwamba mwaka ujao, tukiwa hatuna matete na maji yetu yamechafuka vya kutosha, tutastahili kuomba. Nikauliza mbegu tutaitoa wapi. Ukasema kwa Bwana Fanueli. Kwa hiyo, kama nimeelewa, matete yatavuka bwawa kila mwaka, huku na huko, na kila yakivuka kutakuwa na mradi, na kila mradi utakuwa na semina. Nakiri kwamba Asheri hakuwahi kuwaza kitu kikubwa namna hii. Yeye aliyapanda yakakaa.

4. Kibao. Mliacha kibao kizuri cha mbao chenye maandishi meupe: "Mradi wa Kupunguza Mbolea Majini, Shamba la Fanueli." Kimesimikwa upande wetu. Vijana waliokileta nilipowauliza wakasema, "Kule ng'ambo picha hazitoki vizuri, bibi." Wiki iliyofuata wakaja wageni wenye kamera, wakapigwa picha mbele ya matete ya Asheri, wakapongeza matokeo ya mradi ambao haujaanza. Mmoja alinipa mkono akanishukuru kwa kumruhusu Bwana Fanueli kutupendezeshea mazingira. Nilimwambia karibu. Nilifundishwa kutomfedhehesha mgeni.

5. Uliuliza ni mtaalamu gani aliyesimamia upandaji wetu. Nikasema Asheri. Ukataka kuona cheti chake. Nikakuuliza cheti kipi, maana ninacho kimoja tu, cha kifo. Ukaandika kwamba mtaalamu hayupo. Hapo, Bwana Edgar, uliandika ukweli mtupu.

6. Halafu ukaomba orodha ya wanaoshiriki msaragambo. Mzee Noa akakusomea kama anavyoita kila Jumamosi, kwa majina ya nyumba. Nyumba yangu bado huitwa Asheri. Toka tuanue matanga, miaka miwili sasa, Mzee Noa huita "Asheri!" nami huitika "Yupo," kisha nashika jembe. Mara ya kwanza niliitika kwa kusahau. Baadaye nikaona sina haraka ya kukumbuka. Wewe ulimwagiza Mzee Noa afute jina la marehemu kwa kuwa linaharibu takwimu. Akakujibu mbele yetu sote, "Bwana mdogo, huyo ndiye peke yake ambaye sijamtoza kuku. Nikianza kufuta, nitaanza na walio hai." Nasikitika kwamba uliudhika. Lakini nasema tena, jina hilo lisifutwe. Mkifuta, nani ataitika kwa ajili ya nyumba yangu?

7. Kambare wote wamehamia upande wetu. Bwana Fanueli ameleta madai kwa Mzee Noa kwamba tunakaa na samaki wake. Naomba mfuko uamue samaki ni wa nani: wa aliyewafukuza au wa aliyewapokea.

Kutokana na hayo, tunaomba kama ifuatavyo, kwa heshima zote.

Kwanza, kama haiwezekani kusaidiwa kwa kutunza, tusaidiwe kwa kuharibu. Tukopesheni mbolea tuimwage wenyewe, ili tuwe wahitaji halali. Mafunzo hatuhitaji, tutamtazama Bwana Fanueli.

Pili, kama trekta halina budi kuja Jumamosi, mradi ugharamie na mwanzo wa kila kitu kingine kilichoko kando ya bwawa. Kisima chetu ni cha zamani, kifukiwe kichimbwe upya. Mchungwa wangu wa mwisho kule chini ulipandwa na mama mkwe, ung'olewe upandwe tena mbele ya wageni. Na sisi wenyewe tulizaliwa kabla ya mfuko, sijui mtatufanyaje.

Tatu, na hili naliandika polepole. Kaburi la Asheri liko pale matete yanapoishia, karibu na jiwe alilokuwa akikaa kusuka tenga. Alipenda kukaa hapo kwa sababu upepo wa matete, alisema, unafanana na mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Trekta haliwezi kugeuka pasipo kupita hapo. Kwa kuwa naye ni wa zamani kuliko mradi, na hana cheti, na jina lake linaharibu takwimu, naomba unielekeze kwa maandishi: je, nimfukue nimzike upya mwaka huu wa fedha, ili naye awe na mwanzo?

Naomba jibu kabla ya Jumamosi. Najua ofisi zina shughuli nyingi, lakini trekta nalo lina siku yake.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimie wote hapo ofisini, yule binti wa mashine ya kuandika aliyeniazima mwavuli, na mzee wa getini aliyeniambia "ofisi imetoka" kana kwamba ofisi ina miguu. Msalimie zaidi dereva wako, Kristofa. Yeye alishuka garini, akaamkia wote, akanawa uso upande wetu akasema, "Maji haya yananikumbusha kwetu." Mwambie kiti kile ulichokikataa nimemwekea yeye.

Wako katika kuendelea kungoja,

Praxeda, mjane wa Asheri
(kidole gumba cha Mzee Noa kiko hapo chini, ametaka nacho kionekane)

N.B. Leo ni Jumapili, tarehe 17. Barua hii ilikwisha fungwa na stempu imebandikwa, ikingoja mtu wa kuifikisha posta, ndipo mambo yakageuka, nami naona uchungu kuitupa stempu. Nimefungua ukingo niongeze haya.

Trekta halikuja. Fedha za mafuta yake, tumesikia, bado mnazishughulikia. Alikuja Bwana Fanueli mwenyewe, kwa miguu, Ijumaa jioni, amekunja suruali. Utando umeziba pampu yake na kabichi zinasinyaa. Akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo mama. Fedha hazijafika, na mimi siwezi kungoja mwanzo. Nipe pingili za matete." Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, hata maneno nilikuwa nimeyachagua tangu Agosti. Lakini Asheri hakuwahi kumnyima mtu pingili, na matete, ukiyakata bila kuyang'oa, huota tena vile vile. Nikampa panga.

Jana Mzee Noa akapiga baragumu. Tukavuka sote, na jembe kila nyumba, tukapanda ukingo wote wa ng'ambo kabla jua halijawa kali. Bwana Fanueli ameahidi kupunguza mbolea, kwa sababu, alisema, imemfilisi kuliko kodi. Mzee Noa alipoita majina na kufika "Asheri!", mimi nilikuwa mbali, nazamisha pingili topeni, sikusikia upesi. Aliyeitika "Yupo!" alikuwa Bwana Fanueli, tope limemfika magotini. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, baadaye kidogo.

Kwa hiyo, Bwana Edgar, naona pande zote mbili sasa zina matete yaliyokwisha pandwa, na hakuna kati yetu mwenye mwanzo. Hatustahili tena, si mimi si yeye. Tafadhali yafuteni maombi yote yaliyomo katika barua hii, na fedha msizilete, maana zikija tutalazimika kung'oa. Kaburi nalo liacheni lilipo. Kibao tumekilaza, kuku wanatagia chini yake.

Siku mkipigwa picha na wageni pengine, mbele ya matete ya mtu mwingine, mtukumbuke.