Sakafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Januari
Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Winnipeg nzima imeganda, na Darka, mke wangu, amechagua siku hii kunitolea hukumu. Mama yake, Mama Pavlina, anafika Jumamosi kula mkesha wa Krismasi yetu, ya kalenda ya kale, tarehe sita, halafu anakaa hadi theluji iyeyuke. Atalala wapi? Chumba cha chini ya ardhi, nikasema haraka. Darka akasema sawa, ila sakafu ya kule iwe na joto. Isipokuwa na joto, mama atachukua chumba changu cha juu, chenye jua, kiti changu na televisheni yangu. Mimi nitahamia chini.

Na mama mkwe hadanganyiki. Hupima sakafu kwa miguu mitupu: anavua soksi, anasimama, anasali Baba Yetu. Akifika "amina" bila kuinua mguu, sakafu imefaulu. Nimejaribu mwenyewe. Nimeishia "ufalme wako ufike".

Jumanne, 2 Januari
Ostap amekuja bila kualikwa. Ni kaka yake Darka, fundi wa kila kitu, hasa cha watu wengine. Amepiga magoti, amegonga saruji, amesema: "Shemeji, tandika nailoni ngumu ya vinundu izuie unyevu, juu yake plaiwudi, juu yake zulia. Kazi ya siku moja tu. Hata wewe utaweza." Hata mimi! Nimemshukuru kwa adabu. Plaiwudi ya Ostap nitaitandika nikiwa maiti.

Kanisani wanatupa mazulia ya zamani ya ukumbini. Bure! Nimeyaburuta yote sita. Tabaka tatu, ukuta hadi ukuta. Nimeridhika kabisa.

Jumatano, 3 Januari
Cha bure hakina adabu. Saruji imetoa unyevu na mazulia yameunywa wote. Yameachia harufu ya miaka thelathini ya kabichi na mishumaa. Darka ameshuka hadi ngazi ya tatu, amesema pananuka matanga, amepanda zake. Nimeyatoa nje. Dakika kumi tu yakaganda, na sasa yamesimama yenyewe uani. Ostap amepita, akayaamkia moja moja.

Alhamisi, 4 Januari
Nimeziba matundu yote yanayopuliza joto kule juu ili joto lote lishuke. Akili! Joto halikushuka. Mkate wa Krismasi umekataa kuumuka, na Darka amepika akiwa na koti, kofia na hasira. Nimeyazibua.

Kisha likaja wazo lenyewe. Kila mwaka tunaweka nyasi kavu kidogo chini ya meza ya karamu takatifu. Kwa nini kidogo? Ng'ombe wa nchi hii wanalalia nini? Nimempigia simu Semko, mkulima anayetuuzia. Marobota kumi na mawili, kesho asubuhi. Kanicheka. Na acheke!

Ijumaa, 5 Januari
Nyasi hadi magotini! Juu yake turubai, juu yake zulia la sebuleni. Nimevua soksi. Baba Yetu yote! Nikaunganisha na Salamu Maria kwa raha tu. Sijawahi kujipenda namna hii.

Kisha nikataka kutoka. Mlango ule unafungukia ndani. Nilikuwa nimeufunga ili nijaze vizuri nyuma yake. Nikavuta. Wapi! Kufukua sakafu nzuri vile? Kamwe. Kumsubiri Darka arudi kutoka kanisani? Nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai.

Nikampigia Ostap. Mungu ananiona. Akafukua theluji kwenye kidirisha cha juu, kisichopitisha hata bega, akalala kifudifudi, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Bawaba ziko ndani, bisibisi anayo yeye nje. "Kwanza sema," akaniambia, "sema plaiwudi ya shemeji ndiyo ingefaa." Nikasema. Akadai upepo umemzuia kusikia. Nikasema tena, kwa kelele. Ndipo bisibisi ikapita. Mlango nimeung'oa. Chooni nimefika, hayo mengine si ya kuandikwa.

Jumamosi, 6 Januari
Mama Pavlina amefika mchana. Ameshuka moja kwa moja, Darka na Ostap nyuma yake. Akasimama mlangoni pasipo na mlango, akaziona nyasi zikichungulia chini ya zulia. Akavua soksi. Ostap akakunja mikono. Tukasubiri. Amina!

Halafu akalia. Akasema kwao, baba yake alizitandaza sakafu nzima siku kama ya leo, na tangu azikwe yule mzee hajaziona tena. Akanibusu mashavu yote mawili. "Mwanangu Zenon, wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii." Hata mimi machozi yalinilenga. Nikamtazama Ostap. Mikono ameikunjua!

Meza ikashushwa, vyakula kumi na viwili vikashushwa, tukala huko huko. Mwisho mama mkwe akafuta mdomo, akatukumbusha mila. Nyasi za Krismasi hulaliwa na mwenye nyumba mwenyewe, hadi sikukuu ya kubariki maji, tarehe kumi na tisa. Yeye na nyonga zake? Nyasi zinazama, hazimfai. Atalala juu. "Usijisumbue kunihamishia vitu, baba," akaniambia. "Kile kiti nimeshakikalia mlipokuwa mkishusha meza, kinanitosha."

Jumapili, 7 Januari
Naandika nikiwa juu ya nyasi. Juu ya kichwa changu mama mkwe anatazama televisheni yangu, kwa sauti ya juu. Ostap ameacha nailoni na plaiwudi ngazini, zawadi ya Krismasi, na msumeno juu yake. Ubaoni ameandika kwa chaki: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijazigusa, na sitazigusa.

Kosa nimelijua. Sakafu haina neno. Shida ni hewa, tangu mlango uondoke. Nyonga za mama mkwe zinataka joto la pande zote. Akilipata, atashuka mwenyewe kwa hiari yake.

Nimempigia Semko tena. Ana kondoo wawili, wanene, wapole. Chakula chao kipo, kitanda chao kipo. Anawaleta kesho Darka akienda kazini.