Miji Mitatu, Mashati Matatu

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeamshwa na Shangazi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne na nusu, na nyuma yake cherehani zinanguruma. Mambo yameharibika!

Nieleze vizuri. Mwaka mzima sasa niko ugenini nasomea upimaji wa ardhi. Katika mwaka huo nimepima njia tatu tu kwa miguu yangu: chumbani hadi darasani, darasani hadi duka la sabuni, dukani hadi kitandani. Basi. Lakini Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka mitano, na ambaye sasa anafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi kule nyumbani, huniuliza kila Jumapili nimeona nini. Ningemjibu nini? Dari?

Kwa hiyo nikamtengenezea miji. Mwezi wa tano nikampelekea daraja lenye simba wa mawe. Wa saba, ziwa lenye ndege weupe wakubwa kuliko mbuzi. Wa tisa, mnara wenye saa ya buluu. Nusu ya habari nilizisikia kwa Bwana Ratiba, ninayeishi naye chumba kimoja. Yeye husafiri kweli, tena husimulia, ila huanza wakati macho yangu yameshafumbwa. Nusu nyingine nikamalizia mwenyewe.

Sasa leo ndiyo najua kwamba Shangazi alikuwa akiwasomea wanafunzi wake ujumbe wangu wakiwa kazini. Kina mama wanane. Wameitarizi miji yangu kwenye kitambaa cha mita tatu! Maonyesho ya chuo ni Jumamosi na ofisa elimu anakuja. Na Mama Sweta, mwalimu wa ufumaji wa chumba cha jirani, ametamka mbele ya watu kwamba daraja lenye simba halipo. Shangazi amekula kiapo: patabandikwa picha tatu kando ya kitambaa, moja kwa kila mji, nami nimesimama ndani yake. Anazitaka kabla ya Ijumaa.

Nikamjibu: Shikamoo Shangazi, picha zipo tele, ngoja nizipange.

Sina hata moja.

Lakini wiki hii ni likizo fupi. Mpango umekamilika kabla sijanawa uso. Miji mitatu, siku tatu, mashati matatu. La mistari ni mwezi wa tano, jeupe ni wa saba, la kijani ni wa tisa. Nani atajua? Akili ya namna hii inapotea bure kwenye viwanja vya watu!

Bwana Ratiba kajitolea kunisindikiza, na karatasi ya nyakati za treni kaipaka rangi. Nimemwambia mimi si mtu wa kushikwa mkono.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimejikata kidevuni nikinyoa kwa haraka. Plasta. Si kitu.

Treni ya saa mbili na robo nimeiwahi, nikakaa nyuma ambako kuna nafasi. Kumbe treni hiyo hukatwa katikati njiani! Mbele huenda kwenye daraja. Nyuma huenda kwenye kituo chenye benchi moja na kiwanda cha matofali. Mkaguzi wa tiketi, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliniuliza kama nimekuja kununua matofali. Nikasema hapana. Akasema basi nitakaa kwa saa mbili. Nilikaa. Yeye alikaa pia, zamu yake ilikuwa imekwisha, akanionyesha picha za wajukuu wote saba. Nimewazoea sasa. Wa nne ni mtundu.

Darajani nilifika saa nane. Nikakimbia hadi katikati. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia.

Kondoo!

Kondoo dume wanne wa mawe, pembe zimejipinda, nyuso za upole kupita kiasi. Mji ule zamani ulifanya biashara ya sufu. Nani aliwaambia wafanye biashara ya sufu? Mchonga funguo mwenye kibanda mwanzoni mwa daraja alijitolea kunipiga picha, akasogea, akasogea tena, akampata kondoo uso mzima mpaka tundu za pua. Nikamshukuru, nikaifuta. Nyingine nikajipiga mwenyewe nikiwa mbali, jua nyuma yao. Ukikunja jicho, ile sufu ya shingoni ni manyoya ya simba kabisa.

Nimeituma. Shangazi kajibu kwamba kina mama wamefurahi, ila Mama Sweta anauliza simba ana pembe tangu lini. Nikaandika kuwa ni simba wa nchi za baridi.

Hata hivyo, mto ulikuwa mzuri. Nilikula mkate wangu nimeegemea kondoo, maji yanapita chini taratibu, watu wanarudi kazini na baiskeli zao. Sijawahi kukaa hivyo tangu nije.

Bwana Ratiba anaapa aliniambia kondoo. Haiwezekani.

Jumatano, 14 Oktoba

Shati jeupe. Treni nzima, nimehakikisha kwa mkaguzi mara tatu, mpaka akaniuliza kama nina woga wa treni.

Ziwa lipo. Ndege weupe wapo pia, wakubwa kuliko mbuzi, shingo ndefu, wamejipanga ukingoni wametulia. Nikaruka kwa furaha! Nikakaribia. Wana namba ubavuni. Wana viti viwili kila mmoja. Ni boti za kukanyaga kwa miguu.

Mwenye boti akasema haendi mtu mmoja, boti itainama. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja, muuguzi mstaafu, amevaa kofia ya majani, naye amekataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Akanitazama miguu kama anayechagua mbuzi sokoni, akasema nitafaa.

Sikufaa. Yeye alikanyaga kama anawahi wodini, mimi magoti yananipiga kidevuni, juu ya plasta. Tukazunguka duara. Tukazunguka tena. Hatimaye tukaingia kwenye matete, ndege wetu akachomeka shingo humo, akagoma. Tukakaa pale nusu saa nzima tukingoja mwenye boti aje na upondo wa kutusukuma.

Ndipo nikamweleza yule bibi kila kitu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu simjui. Alicheka mpaka kofia ikaanguka majini, akaivua kwa mwavuli, akaivaa hivyo hivyo inachuruzika. Kisha akasema naye ana mpwa aliye mbali, na kwamba kama mpwa wake angemwambia ameshinda amelala, yeye angefurahi tu kujua kitanda chake kipo upande gani wa dirisha. Akanishauri nimpigie Shangazi leo leo nimwambie ukweli.

Bibi mwenye busara. Nikamwomba anipige picha ambayo namba hazionekani.

Nimeituma. Shangazi anasema ndege wamefanana mno, kama wamezaliwa siku moja. Nimejibu ndivyo walivyo.

Alhamisi, 15 Oktoba

Shati la kijani. Nimebakiza mji mmoja. Nimepanda milima, sasa naona bonde!

Nimefika. Mnara hauonekani. Umefunikwa na vyuma vya mafundi na wavu wa kijani kuanzia chini hadi juu, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Na pale juu, mahali pa saa, pana tundu. Saa imeteremshwa!

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Mimi nikaingia dukani, nikatoka na sahani ya plastiki ya buluu na kalamu ya wino mzito. Namba kumi na mbili, mishale miwili. Nikaishika sahani kwa mkono mmoja mbele ya kamera, simu kwa mwingine, uso wangu kwenye kona, jicho moja limefumbwa, mpaka ikakaa sawasawa kwenye lile tundu. Picha safi! Nikaituma pale pale. Kina mama wakajibu kwa vigelegele.

Upepo ukaichukua sahani. Ikabingirika chini ya wavu, ikasimama kwenye buti la msimamizi wa mafundi. Akaiokota. Akaisoma saa. Akatazama mnara, akanitazama mimi. Nilidhani ananiitia askari. Badala yake akawaita mafundi wote waje kuona, wakacheka wakashikana mabega, kisha akanivalisha kofia ngumu, akanipeleka kwenye banda nyuma ya mnara.

Saa ilikuwa imelazwa chali juu ya magogo. Upana wake unanizidi urefu. Na ni ya buluu! Buluu kweli, kama nilivyosema! Sijawahi kusema kweli namna hii katika maisha yangu. Msimamizi akaniruhusu nikae kando yake. Akanionyesha kwamba fundi wa zamani aliandika jina la mkewe kwa herufi ndogo nyuma ya namba tano, mahali ambapo kutoka chini hakuna anayeweza kuliona. Mafundi wenyewe wameliona mwezi huu tu. Nililigusa kwa kidole.

Nikapigwa picha na saa halisi. Nikaituma mbio.

Jibu la Shangazi: kina mama wote wanane wamepiga kura. Ile ya kwanza ndiyo saa. Hii ya pili ni sinia, nisiwachezee.

Ijumaa, 16 Oktoba

Shangazi kapiga simu saa nne asubuhi. Hakuitikia shikamoo yangu. Hapo nikajua.

“Baba,” akaniita, kama anavyoniita ninapokosa, “hicho kidonda cha kidevuni ni cha aina gani? Mwezi wa tano kina plasta, wa saba kina plasta, wa tisa kina plasta. Ni plasta ile ile, imechanika kona ile ile.”

Mashati matatu, kidevu kimoja! Sikufikiria kidevu.

Nilianza kueleza kuhusu ngozi na hali ya hewa. Nikasikia cherehani moja ikizimwa. Halafu ya pili. Halafu zote. Chumba kizima kule kilikuwa kinanisikiliza. Nikashindwa. Nikasema yote: dari, usingizi, Bwana Ratiba, mashati, sahani.

Shangazi akasema kwa sauti ndogo, “Nimewasomea hawa watu miezi mitano. Wametoboka vidole kwa ajili ya simba wako.”

Bora angenigombeza. Nilikaa sakafuni. Nikamwambia niliona aibu kwamba amenihangaikia mpaka nimefika huku, halafu sina hata kimoja cha kumsimulia.

Akavuta pumzi. Akauliza, basi wiki hii umeona nini? Cha kweli.

Nikamsimulia. Wajukuu saba wa mkaguzi. Tundu za pua za kondoo. Ndege mwenye viti, bibi, kofia inayochuruzika. Jina la mke wa fundi nyuma ya namba tano. Nilipofika hapo, mama mmoja kule nyuma akasema “ee, masikini!” na mwingine akapenga kamasi. Nilizungumza saa nzima. Sijui lini nilizungumza na Shangazi saa nzima.

Mwisho nikasikia mkasi. Wanafumua! Kuna mtu aliuliza pembe za kondoo zinajipinda kwenda mbele au nyuma. Nyuma, nikasema. Mara hii nina uhakika.

Jumamosi, 17 Oktoba

Habari kutoka nyumbani, nimezipokea saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama chumbani siwezi kukaa.

Jana walifanya kazi mpaka jua likazama, na leo wakaanza alfajiri. Simba wamekuwa kondoo. Ndege wamepata viti na bibi mwenye kofia. Saa wameiteremsha, wameilaza chini, na nyuma ya namba tano wametarizi jina ambalo lazima uinue kitambaa ulione. Kwa sufu ya kondoo ikabidi waombe nyuzi kwa Mama Sweta. Akazileta mwenyewe, akaketi, akafuma kondoo wote wanne kwa mkono wake, na hakunyamaza hata dakika moja kwamba yeye alisema mapema.

Ofisa elimu aliinua kitambaa, akasoma jina, akamwita mwenzake naye asome. Kitambaa kinatundikwa ukumbini. Mama Sweta anawaambia watu ni chake. Shangazi kamwachia, anasema leo moyo wake ni mweupe.

Nami nipo kwenye kona, anasema. Wamenitarizi pia. Nina plasta.

Amenitaka ahadi moja: nione kwanza, niseme baadaye. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote. Kisha nikamwambia kitanda changu kipo kushoto kwa dirisha, akacheka, akasema alikuwa anakiweka kulia siku zote.

Nimemwomba radhi Bwana Ratiba. Tumetembea pamoja hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Alikuwa na ratiba ya matembezi hayo. Tulichelewa dakika mbili, naye akaikunja ratiba akaitia mfukoni.

Jumapili, 18 Oktoba

Asubuhi njema. Jua limeingia, nguo zinazunguka kwenye mashine ya chuo, mimi nasinzia kwenye benchi. Nimekuwa mtu mpya.

Akaingia karani wa ofisi ya wanafunzi wageni na kapu lake la nguo. Amesikia kwa Bwana Ratiba kwamba siku hizi mimi ni msafiri. Akaeleza kuwa Jumamosi ijayo wanafunzi wapya ishirini na wawili wanapelekwa kwenye mapango ya kusini, na mtu wa kuwaongoza kaugua mafua. Je, mimi mapango nayafahamu?

Nilifungua kinywa kusema hapana. Naapa nilikifungua kwa nia hiyo.

Nikasikia mtu, kwa sauti yangu, anasema anayafahamu vizuri sana, kaingia mara nne, na kwamba wageni wengi hupotea kwenye njia panda ya pili kwa kuwa hawajui kupinda kulia. Karani akatoa kalamu. Akauliza kama kuna la kuangalia humo ndani. Nikampa maporomoko ya maji. Akauliza yana urefu gani. Mimi ni mpima ardhi, nikamwambia, mita kumi na nane.

Akaandika yote. Saa saba nimepita ubaoni, tangazo limeshabandikwa, jina langu juu kwa herufi kubwa, na chini yake wanafunzi wameshauriwa kuja na makoti ya mvua kwa sababu ya maporomoko.

Kesho nitatazama kwenye ramani kusini ni wapi. Jumamosi bado mbali.