Meno Sita ya Karani

Jumatatu, 1 Juni 1959
Siku njema kupita zote! Daktari Noronha, daktari wa meno ninayemfagilia na kumchemshia vyombo pale mtaa wa Bazaar, ameniita ofisini. Anataka kuleta gari lake la matibabu Kabiria, ninakoishi, Jumamosi ya tarehe 13, awatazame watoto meno kabla hayajaoza. Bure! Wakija hamsini, atakuja kila mwezi. Wasipofika, gari litakwenda kwingine na halitarudi. Kuwaita ni kazi yangu. Mimi, Zedekiah Odhiambo! Nimeomba koti jeupe. Amesema tuone watoto kwanza. Moyoni nimeshalivaa.

Jumatano, 3 Juni
Nimewahutubia watoto wa shule ya kanisa, mbele ya Mwalimu Njambi. Nikawaambia wapige mswaki asubuhi na jioni, meno yao yadumu kama yangu. Nikatabasamu. Kosa! Kwetu Nyanza, nilipokuwa mdogo, mtoto aling'olewa meno sita ya chini ndipo aonekane amekua. Nililia siku moja, nikajivuna miaka ishirini. Watoto wa Kabiria hawayajui hayo. Msichana mmoja, Wangui, akauliza kama huyo daktari ndiye aliyeyachukua. Nikaanza kueleza. Nani alisikiliza? Wengine walitorokea dirishani. Mwalimu Njambi naye akanikodolea macho kinywani kwa muda mrefu usio wa heshima.

Ijumaa, 5 Juni
Habari imefika kila nyumba: gari linakuja kuwang'oa watoto meno sita sita! Anayeieneza ni Kiragu, fundi wa baiskeli, ambaye pia hung'oa meno kwa koleo lilelile la baiskeli. Leo amenisalimia "Habari Bwana Pengo" mbele ya wateja, akaongeza kwamba koleo lake halihitaji gari. Huko kwake mtoto huletwa jino likiwa limeshaoza, wajomba wawili wakamshika miguu. Nimemsikia mmoja akilia leo. Imeniuma sana. Hamsini lazima wafike. Lakini kwanza nahitaji meno.

Jumamosi, 6 Juni
Nimeyapata! Yalikuwa kabatini kwa daktari. Meno ya bandia, sita, ya chini, ya mbele. Yameagizwa na karani mmoja wa reli, mtu wa kwetu, mwenye pengo kama langu. Atayachukua Jumatatu. Sijaiba, nimeyatembeza tu. Awiti, mke wangu, amecheka mpaka akaketi chini. Anasema yeye aliolewa na lile pengo na huyu mgeni hamjui. Wivu.

Jumapili, 7 Juni
Kanisani nilipewa dakika tano baada ya matangazo. Nikatabasamu upande wa akina mama, nikatabasamu upande wa wanaume. Kiragu akainamisha kichwa! Nikaeleza kwamba gari halitang'oa mtu, linakuja kuzuia kung'olewa. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Hapo nikapaza sauti. Kumbe taya la karani ni pana kuliko langu! Meno yakaruka, yakawapita wazee wa kanisa, yakatua mapajani mwa Mwalimu Njambi, juu ya kitabu cha nyimbo. Wangui akapiga makofi, akaomba nirudie. Watoto wote wakapanda juu ya mabenchi. Nirudie! Mchungaji akafunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. Nimekwisha.

Jumatatu, 8 Juni
Karani amechukua meno yake. Nilikuwa nimeyasugua na kuyachemsha mara tatu, lakini alilalamika yananuka sabuni ya kufulia. Daktari akanitazama. Nikafagia kwa bidii.

Jumamosi, 13 Juni
Themanini na wawili!! Walipanga foleni kabla gari halijafika, wakiuliza kama meno ya daktari nayo yanaruka. Wazazi walikuja nyuma yao, bado wanacheka. Daktari alimtazama kila mtoto, akampa mswaki, akawaonyesha namna ya kuutumia, na uwanja mzima ukawa povu na vicheko. Alimkuta Wangui na kitobo kidogo kwenye jino la nyuma, akakiziba papo hapo. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nyuma ya gari, kwa furaha tu. Na nani aliyesimama mbele ya watoto wote, shavu limevimba tangu Pasaka? Kiragu! Hawezi kujishikia koleo mwenyewe. Nilimpa mkono wangu aushike, akanibana vidole mpaka sasa vinauma. Daktari ametangaza kwamba atakuja kila mwezi. Tumepiga vigelegele hata wanaume. Koti jeupe amepewa Mwalimu Njambi, eti kwa sababu ndiye aliyepanga foleni na kuandika majina. Linampwaya.

Jumatatu, 15 Juni
Daktari amesikia habari za kanisani. Amenifokea kuanzia saa mbili hadi saa tatu. Nikaapa mbele yake kwamba sitagusa tena meno ya mgonjwa. Na sitagusa! Ila ghorofa ya juu kuna daktari wa macho. Naye angependa kuwapima watoto wa Kabiria, lakini anahofia hawatajitokeza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Kabatini mwake nimeona jicho la kioo, la kahawia, zuri ajabu. Nimelijaribu mfukoni. Linaenea.