Beringi za Rani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Rani anaunguruma. Si injini. Ni nyuma, kwenye tairi: nguuuu, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nimemsukuma kutoka koridoni hadi mlangoni, injini imezimwa, na bado anaunguruma.

Ubaya ni kwamba Nasor alikuwepo. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza mazulia, na kwa miaka miwili sasa anaisalimia pikipiki yangu kabla ya kunisalimia mimi. Alitega sikio. Nikamwambia huo ni mvumo wa injini kubwa za safari ndefu, si kila mtu anauelewa. Akauliza mbona injini imezimwa. Nikamjibu ndiyo ubora wenyewe.

Wiki hii si ya kuharibikiwa! Jumamosi tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, na Bhoomi, mke wangu, ameshatoa hukumu: ama nimpakie nyuma hadi Bagamoyo na kumrudisha bila kusukuma hata hatua moja, ama Rani auzwe kwa Nasor. Mwaka jana alisukuma kuanzia Bunju. Amevaa sari. Hajasahau.

Nimempigia Fundi Leodegar wa Buguruni. Akaniambia nishike tairi juu na chini, nilitikise. Likacheza kama jino la mtoto. Akasema beringi za nyuma zimekwisha, zote mbili, bosi niletee pikipiki. Nimletee! Nimsukume Rani mchana kweupe, Nasor anaangalia huku na Bhoomi anaangalia kule! Thubutu.

Mpango: litaenda tairi peke yake.

Jumanne, 10 Juni

Tairi limetoka. Kazi ya asubuhi nzima, vidole viwili vimechunika, miungu kadhaa imeombwa. Rani amebaki kwenye stendi yake kubwa. Nikamfunika turubai, lakini pale pa tairi ikabonyea, na Bhoomi hupita koridoni mara kumi kwa siku. Nikachukua sinia kubwa la jikoni, nikalisimamisha mahali pa tairi. Turubai ikakaa sawasawa. Kwa mbali huwezi kujua. Hata kwa karibu! Nilijipongeza kwa sauti.

Tairi nikalifunga shuka jeupe, nikapanda nalo bajaji. Kwenye taa za Msimbazi, nani kasimama kando? Nasor. Akauliza nimebeba nini. Keki ya ndoa, nikasema. Ya nini? Chokoleti. Akaangalia doa la grisi kwenye shuka, akasema kweli, inaonekana. Ameomba abakiziwe kipande.

Leodegar amezigonga beringi za zamani, zikatoka vipande vipande. Akanikabidhi bomba fupi linalokaa kati ya beringi hizo mbili, akanionya nilitunze kama mboni ya jicho. Bila bomba hilo, ukikaza ekseli tu, beringi mpya zinakufa papo hapo. Nimelifunga kwenye karatasi, nimelificha chini ya kitanda. Kabla sijaondoka kwake aliniuliza kwa nini nahangaika wakati nina duka la beringi Kariakoo.

Nilimhurumia. Sisi tunauza vipuri vya mashine za kusaga! Duka aliliacha baba, Bhoomi ndiye anayeliendesha, mimi ni mkurugenzi, na najua kabisa kilichomo: vitu vya unga. Rani ametoka Japani. Amevuka Afrika nzima na Mjerumani aliyeniuzia. Hawezi kuvalishwa beringi ya dona.

Jumatano, 11 Juni

Nimeajiri winga, dalali wa kumtafutia mtu bidhaa madukani. Anaitwa Mudi. Uzuri wa winga wa Kariakoo ni kwamba hamwambii mwenye duka mteja ni nani, wala hamwambii mteja mzigo umetoka duka gani. Ndiyo riziki yake. Siri inakaa pande zote mbili.

Tulikutana Mchikichini, nyuma ya lundo la viatu vya mtumba. Nilivaa miwani ya jua. Nikampa kipande cha beringi mbovu kama sampuli, nikamwonya asithubutu kuniletea takataka za mashine za unga. Mudi akasema tulia boss, hii kazi ndogo.

Akarudi baadaye sana, anahema, ananukia chipsi. Eti amezipata kwa shida, kwa mtu wa ndani, zimeshuka na ndege jana. Boksi amelitupa kwa usalama. Lakini beringi zenyewe! Zinang'aa. Zina vifuniko vya raba pande zote. Na kila moja ina kidoti chekundu. Mudi hakujua ni cha nini. Mimi nilijua mara moja: alama ya mkaguzi wa kiwandani. Wenzetu hawafanyi mchezo. Nimelipa bila kubishana.

Usiku mezani Bhoomi alikuwa na furaha, anapaka kucha rangi nyekundu, chupa ya tatu mwezi huu, sijui ana kucha ngapi. Akasimulia kwamba leo kuna winga amekuja dukani, akachukua beringi mbili za mashine ya kusaga kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Hakuomba hata kupunguziwa. Akasema mahali fulani mjini hapa kuna mjinga anapigwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa na dengu.

Kisha akauliza sinia liko wapi. Nikaacha kucheka.

Alhamisi, 12 Juni

Maagizo ya Leodegar: beringi zilale kwenye friza zisinyae kidogo, tairi liote jua, zitaingia bila vita. Tairi liko juu ya paa, katikati ya nguo zilizoanikwa. Tatizo ni friza. Friza ni ya Bhoomi, na anaijua kuliko anavyonijua mimi. Nilizificha nyuma ya njegere. Akazipanga upya njegere. Niliwahi kwa sekunde moja!

Basi nikapata wazo. Kuna kopo kubwa la kulfi, ile aiskrimu ya maziwa na iliki, Bhoomi ameliandika kifuniko BAGAMOYO. Ni la Jumamosi, hakuna atakayeligusa. Nimezifunga beringi nailoni mara mbili, nimezizamisha, nimesawazisha juu kwa kisu. Akili nyingine huzaliwa nayo mtu.

Bhoomi ameuliza habari za sinia mara tano. Mara ya tano nimemwambia nilimwona Nasor akiliangalia sana.

Ijumaa, 13 Juni

Sikutegemea angeniamini!

Bhoomi amemwalika Nasor jioni, amuulize kistaarabu habari za sinia, na wakimaliza wagusie bei ya Rani, tahadhari tu. Na kwa kuwa huwezi kumuuliza jirani swali la wizi bila kumkirimu, akaenda kwenye friza, akarudi na kopo la BAGAMOYO.

Nikasema kulfi imeharibika. Akaonja, akasema tamu sana. Nikasema hiyo ndiyo dalili. Hakunisikiliza. Nasor akapewa bakuli la kwanza, mgeni njoo. Kijiko kikagonga chuma. Akatoa kitu cha mviringo ndani ya nailoni, akakigeuza huku na huku, akauliza kwa adabu kama hiyo ndiyo keki ya ndoa.

Bhoomi akakichukua. Akafungua nailoni. Akaangalia kidoti chekundu. Akaangalia kucha zake.

Kumbe! Kila kipuri kinachotoka dukani kwetu hukipaka kidoti cha rangi ya kucha, mteja asije akamrudishia kibovu cha duka jingine. Anafanya hivyo mwaka wa kumi na nane. Mkurugenzi hakuarifiwa. Au aliarifiwa, akiwa anasoma gazeti.

Alishuka ngazi, tukasikia turubai ikifunuliwa. Akapanda na sinia, akalipangusa grisi taratibu kwa kitambaa. Nasor aliniangalia kwa huruma. Afadhali angecheka. Wakati anaaga akasema yuko radhi kumchukua Rani hivyohivyo alivyo. Bhoomi akamjibu hukumu ni ileile: kesho, Bagamoyo, au amtume mtu na lori.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi Leodegar alikuwa koridoni. Bhoomi ndiye aliyemwita. Akaingiza beringi moja, akigonga pete ya nje tu, polepole. Korido nzima ikanukia iliki. Kisha akanyoosha mkono, akaomba bomba.

Nikaenda chini ya kitanda. Hakuna! Nikainua godoro. Hakuna. Nikarudi mikono mitupu, Leodegar akaweka nyundo chini. Na mlangoni, Nasor, ameshafika na lori. Lori kweli! Bila bomba hakuna Bagamoyo, bila Bagamoyo hakuna Rani.

Bhoomi akauliza hilo bomba linafananaje. Nikamwonyesha kwa vidole. Akapanda juu hadi kwenye rafu ya sala, nami nyuma yake. Akachomoa vijiti vya ubani kimoja kimoja. Bomba hilo hapo, limesuguliwa, linameremeta. Alilikuta Jumatano akifagia, limefungwa kwenye karatasi, akadhani ni zawadi yake ya miaka ishirini. Alisema alishangaa kidogo, lakini alifurahi kwamba safari hii nimekumbuka.

Sijawahi kuona aibu kiasi kile. Sikuwa nimemnunulia kitu chochote. Akanipa bomba mkononi, akasema twende, tutachelewa.

Rani hakutoa hata mlio. Lori la Nasor liliondoka tupu. Bunju tulipita kwa kasi, na nilimsikia Bhoomi akicheka ndani ya helmeti, kicheko ambacho sikumbuki nilikisikia lini mara ya mwisho. Bagamoyo tulikula kulfi iliyobaki kwa kijiko kimoja. Aliniambia jambo moja tu: siku nyingine niulize kwanza, duka ni letu sote. Nikaapa, mkono juu ya tanki la mafuta. Nampenda mke wangu. Sitamficha kitu tena maishani. Nimeandika kwa wino.

Jumapili, 15 Juni

Tairi la mbele linaunguruma.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri usiku kucha. Kumwambia Bhoomi siwezi. Juzi tu alikuwa na furaha, na furaha ya mke haichezewi. Ni kwa ajili yake.

Nimempigia Mudi. Aende duka lilelile la yule mama, nimethibitisha vitu vyake ni vya uhakika. Asinitaje. Kidoti akifute kwa spiriti.

Mudi amerudi na beringi mbili, vidoti vimefutika, kazi safi. Anasema yule mama alicheka sana, akapandisha bei maradufu, akamwambia ampelekee mteja wake salamu: sinia lisiguswe.

Amejuaje? Nasor! Lazima ni Nasor, ana macho kila mahali. Nitamshughulikia.

Nimelipa. Na sinia sijaligusa, liko jikoni, mimi ni mtu wa kuheshimu neno la mke wangu. Chini ya turubai, kwa mbele, nimeweka ungo. Umeenea vizuri kuliko sinia.